Kamba Iliyokukosesha Usingizi

Kengele ya kanisa haijalia, lakini nimejua.
Pazia lako la jikoni bado liko chini saa tatu asubuhi,
na gari la daktari limeegeshwa kombo juu ya majani
ambayo hukuruhusu hata paka ayakanyage.
Basi umekwenda, Thorkild.
Umekwenda bila kusema nani alishinda, wewe au mimi.

Miaka kumi na mmoja hatukusalimiana
kwa ajili ya kamba.
Upepo wa magharibi ukivuma kamba yangu hugonga mlingoti,
ko, ko, ko, hadi alfajiri.
Mara ya kwanza ulikuja mlangoni na kofia mkononi,
mara ya pili bila kofia,
mara ya tatu ikaja barua ya halmashauri.
Nikasema: mlingoti huu ni wa baba yangu.
Nikasema: asiyependa mlio na ahame.
Neno likitoka halirudi,
na kisiwa hiki kina nyumba arobaini na mbili tu,
hakuna pa kulificha.

Leo naitoa bendera sandukuni,
nyekundu, msalaba mweupe, inanuka kafuri.
Huku kwetu jirani akifa, mtaa mzima hushusha.
Hakuna mfalme aliyeagiza, hakuna karani wa kuhesabu.
Ni ili aliyefiwa, akisogeza pazia,
aone nguo zimesimama katikati ya anga, moja, tatu, tisa,
ajue kwamba pigo halikuanguka kwake peke yake.

Baba alinifundisha: bendera ya msiba haiendi nusu moja kwa moja.
Ipandishe kwanza hadi juu, iguse kapi,
marehemu apewe urefu wake wote,
kisha ishushe polepole,
kama unavyomshusha mtoto aliyelala begani.
Nikamuuliza, na ile nafasi inayobaki juu ni ya nani?
Akasema pale pana bendera nyingine,
ya mauti, haionekani, haichujuki, haifuliwi.
Mama akapaza sauti kutoka jikoni: upuuzi!
Ni mikono tu imeishiwa nguvu.
Nina miaka sabini na minne
na sijaamua nimwamini nani.

Kapi limekwama. Ningeshangaa kama lisingekwama.
Nikavuta, nikalitukana, nikakutukana na wewe,
nguo ikining'inia kifuani kama aproni.
Ndipo dada yako Asta akatoka kwenye feri
akiburuta sanduku lililopoteza gurudumu,
akasimama kwenye ua wako wa miti, akanitazama.
Hakuuliza. Aliliweka sanduku chini,
akashika kamba nyuma yangu,
tukavuta wawili kama watu wanaoteka maji ya kisima kirefu.
Ikapanda. Ikagusa. Ikashuka.

"Alipolazwa kule bara mwezi wa tatu," akasema,
"aliwasumbua wauguzi usiku kucha.
Alisema pale pana kimya mno,
hakuna kinachogonga, mtu atalalaje."

Sikumjibu. Nilifunga fundo
nikalifungua nikalifunga tena.

Jua lilipokaribia maji niliipandisha kwanza hadi juu,
maana hata kwenda kulala bendera huaga kileleni,
kisha nikaiteremsha, nikaikunja, pembe kwa pembe.
Mfukoni nilikuwa na kitambaa,
kipande cha shuka kuukuu, nimekichana mchana
ili niikabe ile kamba, inyamaze,
walau usiku huu, kwa heshima yako.
Upepo ukageuka kutoka magharibi.
Dirisha lako lilikuwa wazi, Asta amewasha mshumaa.

Nilirudi ndani na kitambaa changu.
Ko, ko.

Ijumaa saa nane, udongo ukishakufunika,
nitaipandisha hadi juu kabisa na kuiacha hapo.
Ndivyo tunavyoanua tanga huku: kwa kupandisha.
Lakini ule ua wako, Thorkild,
umevuka mpaka kwa shubiri mbili.
Hilo sijalisamehe.